Sikio la Mama Halikufa, Betri Ndiyo Iliyokufa

Ijumaa moja jioni nilimpigia mama simu Tanga. "Mama, kesho sitakuja, kazi imenibana." Akanijibu kwa furaha, "Haya baba, Mungu akulete salama." Nilidhani ni dua ya mama kwa mwanawe tu, nikakata simu. Siku ya pili, alasiri, dada yangu akanipigia: kuku keshachinjwa, pilau imeiva tangu adhuhuri, na mama ameketi barazani pale mtaani Ngamiani, kajifunga kanga mpya, macho hayabanduki kwenye kona ya barabara. Anamsubiri mwanawe aliyemwambia atakuja.

Baina ya "nitakuja" na "sitakuja" pana herufi moja tu. Kiswahili kimeweka mzigo mzito kwenye bega dogo: mtu anapojikanushia jambo mwenyewe, kukanusha kwake kote kumeegemea sauti ya s. Sina, sitaki, sijala, siwezi. Na s ni miongoni mwa sauti nyembamba kuliko zote. Haina kishindo, inapita kama upepo kwenye tundu la ufunguo, na usikivu ukianza kupungua kwa umri, sauti za namna hiyo ndizo zinazotangulia kuondoka. Ndiyo maana mzee hakwambii kwamba hasikii; anakwambia unanong'ona. Anajua unazungumza, ila maneno hayakamati vizuri, basi sehemu iliyopotea anaijazia mwenyewe. Na mama aliyemkosa mwanawe miezi mitatu, atajazia nini kama si "nitakuja"?

Kilichoniuma zaidi ya ile pilau ni kwamba mama alikuwa na mashine za masikio. Hospitalini wanaziita shimesikio. Mitaani ni mashine tu, nami nitaziita hivyo. Alizipata mwaka mmoja na nusu kabla, kwenye kambi ya huduma za bure. Palikuwa na mahema, mgeni rasmi, na picha ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni: mama anacheka, mashine nyuma ya kila sikio, mkononi kashika kifuko chenye pakiti mbili za betri. Nikamuuliza dada mashine ziko wapi. Akasema, "Moja ipo kwenye pindo la kanga. Mama anasema masikio yake yameshakufa, mashine haifufui maiti."

Wiki iliyofuata nilikwenda. Nikaifungua ile iliyobaki, nikatoa betri, nikatia mpya niliyotoka nayo Dar es Salaam, nikaifumbata kwenye kiganja. Ikapiga mluzi, wiii, kama birika linalochemka. Mashine ilikuwa nzima. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini la mama halikuwa limekufa. Kilichokufa ni betri, na hatukumwekea mtu wa kumbadilishia.

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninalolisema kila ninapopata nafasi. Kumpa mtu mashine ya masikio bila betri za mwaka mzima na bila mahali pa kuirudisha ikiharibika, ni kumpa pambo. Tunahesabu mashine tulizogawa, wakati tulipaswa kuhesabu siku zilizovaliwa.

Ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu usikivu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani Machi 2021, inakadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, na kwamba ifikapo 2050 watapindukia milioni 700. Kati ya wale ambao mashine ingewafaa, wanaoitumia ni asilimia 17, hawafiki hata mmoja kati ya watano. Wengi wakiisoma tarakimu hiyo wanaona uhaba wa mashine, nao upo kweli. Mimi naona pia makabati, mito na mapindo ya kanga yenye mashine zisizovaliwa. Shirika hilohilo, mwaka 2016, lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kupewa kipaumbele. Humo mashine ya masikio haikuandikwa peke yake. Imeandikwa pamoja na betri. Aliyeiandika orodha hiyo alijua alichokuwa anakifanya.

Basi tuanze na adui wa kwanza, betri, maana hapo ndipo mashine nyingi hufia.

Betri nyingi za mashine hizi hutumia zinki na hewa. Mgongoni zina vitundu vidogo, na juu ya vitundu hivyo pamebandikwa stika ya rangi. Ukiibandua stika, hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi. Kuanzia dakika hiyo inahesabu siku zake, uwe umeitia mashineni au umeiacha kabatini, na kuirudishia stika hakuizuii. Kwa hiyo stika isibanduliwe mpaka siku ya matumizi. Ikishabanduliwa, iache betri mezani dakika moja au mbili ivute pumzi, ndipo uitie na kufunga kimlango chake. Mwenye haraka huitia papo hapo, akaiona dhaifu, akadhani kauziwa mbovu. Friji nayo si mahali pake. Kabati kavu linatosha.

Rangi ya stika ndiyo jina la betri. Njano ni namba 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675. Ile ndogo ya njano huweza kuisha ndani ya wiki moja; kubwa ya bluu hufika wiki mbili, pengine hukaribia tatu. Mama ni mtu wa bluu. Pakiti zake zilipokwisha, dada yangu alikwenda kwa fundi saa. Fundi akapima kwa jicho, akamtolea betri ya saa yenye upana uleule na unene uleule. Ikaingia, mashine ikawaka, mama akasikia siku chache, kisha kimya. Fundi hakumdhulumu. Betri hiyo ya alkali ina umbo la ile ya bluu, ila nguvu iliyomo ni kama robo yake. Dada alirudi mara ya pili, ya tatu, ya nne, hela zikaliwa. Mwisho mama mwenyewe akasema basi, acheni.

Hesabu yenyewe inafanyika kwenye kiganja. Betri ya wiki mbili, sikio moja, ni betri 26 kwa mwaka. Masikio mawili ni 52. Pakiti huwa na betri sita, kwa hiyo mwaka mmoja unataka pakiti tisa. Mama alipewa mbili. Yaani siku ile ya mahema na picha alipewa kusikia kwa wiki 12, na hakuna aliyemwambia kwamba wiki ya 13 ingefika.

Ziko siku hizi mashine za kuchaji, hazitaki betri za kubadilisha. Ni nzuri kwa mzee ambaye vidole vinamtetemeka. Lakini kabla ya kuinunua jiulize juu ya umeme wa nyumbani kwake, na ni nani atakayehakikisha imewekwa kwenye chaja kila usiku. Na kwa nyumba yenye watoto, betri hizi ndogo ni hatari: zinang'aa kama peremende. Mtoto akimeza, au akiiingiza puani, ni kumkimbiza hospitali saa ileile, si kusubiri itoke yenyewe; ikikwama kooni inaweza kumuunguza. Betri iliyokwisha ihifadhiwe mbali na mikono yao kama ile mpya.

Adui wa pili ni unyevu. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, mtu anatoka jasho akiwa amekaa kivulini. Mashine hii ina kipaza sauti kidogo chenye tundu dogo, na inakaa nyuma ya sikio, palepale jasho linapochuruzika. Lakini mashine ya mama ya sikio la kulia haikuuawa na jasho. Aliifunga kwenye pindo la kanga, kama alivyofunga hela na vidonge vyake maisha yake yote, na kanga ikaingia kwenye beseni la sabuni ya unga. Ilipotoka ilikuwa safi mno, na haikuzungumza tena. Mtu wa kumlaumu simwoni. Pindo la kanga ndiyo sefu ya mama yangu, na hakuna aliyemtafutia sefu nyingine.

Sefu yenyewe ni kopo dogo lenye kifuniko kinachobana, kando ya kitanda. Ndani weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vile vya kuuzwa hasa kwa kazi hii huwa na punje zinazobadilika rangi zikishashiba maji. Usiku mashine inaingia humo, betri ikiwa imetolewa na kimlango kimeachwa wazi. Kimlango hicho wazi ni dawa ya mambo mawili: unyevu unapata pa kutokea, na mashine haili betri bure mtu akiwa amelala. Ikilowa mvua, itoe betri, ifute kwa kitambaa kikavu, iache koponi usiku kucha. Usiianike juani, usiipige moto wa kukaushia nywele, na usiifukie kwenye mchele: vumbi la mchele litaziba vitundu.

Kuna mambo ya kwetu ambayo kijitabu kinachokuja na mashine hakiyajui. Mama huswali swala tano, na katika udhu masikio hupanguswa kwa maji. Ratiba yetu sasa ni hii: mashine inatoka kwanza, inawekwa koponi, udhu unafanyika, sikio linakaushwa, ndipo mashine inarudi. Mara tano kwa siku si usumbufu kwa mtu ambaye hata hivyo husimama mara tano. Ushungi mzito ukisugua kipaza sauti, mvaaji husikia mkwaruzo kama redio iliyokosa stesheni. Mtandio mwepesi wa pamba, usiobanwa sana sikioni, unapunguza. Mafuta ya nazi ni ya usiku, mashine ikiwa koponi, kwa sababu mafuta na vumbi la Tanga vikikutana hufanya uji unaoziba tundu. Marashi ya kupulizia yatangulie, mashine ifuate. Na uzi mwembamba unaoifunga mashine kwenye nguo utamwokoa yule anayevaa miwani na barakoa juu ya sikio hilohilo. Vitu vitatu vikigombania sikio moja, kimoja kitaanguka chooni.

Adui wa tatu anatoka ndani ya sikio lenyewe, naye ni nta. Mashine ya nyuma ya sikio hupeleka sauti kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kiziba kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, ambacho mafundi wanakiita moldi. Nta ikiziba tundu la moldi, mashine inaonekana imekufa na kumbe imezibwa mdomo. Kila jioni ifute kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki, chomoa moldi na mrija wake kutoka kwenye mashine, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, pulizia matone ya maji yatoke mrijani, acha vikauke usiku, asubuhi rudishia. Mashine yenyewe haigusi maji. Spiriti nayo iache, inakausha plastiki na kuipasua. Sikio lenyewe lisichokolewe kwa njiti ya kiberiti, unyoya wala ufunguo. Na sikio likitoa usaha, mashine inatoka na mtu anakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya jambo jingine lolote.

Watu wengi huogopa ule mluzi, wakadhani mashine imeharibika. Mluzi ni sauti iliyokwisha kukuzwa inayotoroka sikioni na kurudi kwenye kipaza sauti, kama inavyopiga kelele spika ya msikitini au kanisani mtu akiisogelea na maikrofoni. Itazame sababu kwa mpangilio. Moldi imekaa sawasawa? Sikio lina nta? Mrija umekuwa mgumu, wa njano, umepasuka? Mrija ni wa kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na ni kipande cha plastiki tu. Mtoto anakua, moldi inambana au inamlegea, ifinyangwe nyingine. Mzee anakonda, sikio nalo linakonda. Mama yangu alipunguza kilo nyingi baada ya kuugua, na moldi ya zamani ikawa inacheza sikioni kama kiatu cha kurithi.

Ukitaka kujua kama mashine inafanya kazi kweli, kiganja kitakwambia tu kwamba iko hai. Ipo njia nyingine inayotumiwa na walimu wa watoto wasiosikia vizuri duniani kote, nayo inatukaa vyema sisi. Simama hatua mbili nyuma ya mvaaji asikuone midomo, tamka moja moja, kwa sauti ya kawaida: m, u, a, i, sh, s. Arudie kila anayoisikia. Akiipata m akaikosa s, mashine inataka kurekebishwa au kusafishwa, na wewe umejua kabla hajakupikia pilau ya bure.

Sasa kuna kazi ambayo haiko kwenye mashine. Siku ya kwanza mama alipovaa upya aliivua baada ya nusu saa. Alisema sufuria zinapiga kelele, jogoo wa jirani ana wazimu, na maji ya bomba yanamtukana. Ubongo uliokaa miaka katika ukimya hauzoei kishindo cha dunia kwa siku moja. Tulianza na saa moja asubuhi, chumbani, watu wawili. Wiki ya pili akahamia jikoni. Wiki ya nne akavaa kwenye maulidi ya mtaani, nadhani kwa ajili ya kuonekana zaidi kuliko kusikia, lakini alivaa. Na sisi tulijifunza adabu mpya. Tunamfuata alipo badala ya kumpigia kelele kutoka uani. Tunazima televisheni kwanza. Tunazungumza tukimtazama, pole pole, bila kupaza sauti, kwa sababu ukelele huvuruga maneno. Neno asilolipata tunalisema kwa namna nyingine. "Acha, si kitu" tumelipiga marufuku nyumbani. Hakuna neno linalomfukuza mzee mazungumzoni kama hilo.

Nawajua watakaonipinga. Watasema, mfadhili kaleta bure, unamdai na betri? Kutoa ni moyo. Nakubali, na mama yangu bado anawaombea dua watu wale. Lakini mashine 300 zilizogawiwa bila betri huleta hasara kubwa kuliko 100 zilizogawiwa na betri, mirija na tarehe ya kurudi, kwa sababu zile 300 huwafundisha watu mia kadhaa kwamba mashine hazifai. Mama hakusema betri imekwisha. Alisema masikio yake yamekufa, na akaamini hivyo kwa miezi mingi. Imani ya namna hiyo haitoki kwa pakiti moja ya betri.

Wengine watasema dawa ni zile mashine za bei ndogo za mtandaoni. Nyingi ni vikuza sauti tu; hupandisha kila kitu kwa pamoja, sauti ya mjukuu na honi ya lori, bila kujua sikio hili limepoteza sauti zipi, na kelele ikizidi huweza kuumiza usikivu uliosalia. Mtu apimwe kwanza. Huenda anachohitaji ni kutolewa nta, na hahitaji mashine kabisa. Na wako viziwi ambao mashine haiwafai wala hawaitaki, wenye Lugha ya Alama iliyokamilika. Hao wasilazimishwe kuvaa kitu ili sisi tupumzike kujifunza lugha yao.

Kazi hii inawezekana bila miujiza. Katika kijiji cha Otse nchini Botswana, mradi ulioitwa Godisa ulitengeneza mashine za masikio pamoja na chaja ya nguvu ya jua, na walioziunganisha kwa mikono yao ni viziwi wenyewe. Walianza na swali sahihi: mtu wa kijijini atapata wapi betri? Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya masikio ya watoto, upasuaji ambao zamani watoto walipelekwa kufanyiwa nje ya nchi. Nchi inayoweza kazi hiyo haiwezi kushindwa kuweka mirija ya plastiki na betri za rangi nne kwenye hospitali ya wilaya. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, tunao wahudumu wa afya wa vijijini wanaofika mlango kwa mlango. Wafundishwe kutazama mrija, kuosha moldi, kubadilisha betri. Ni somo la asubuhi moja. Na kila anayeandaa kambi ya kugawa mashine aandike kwenye bajeti yake, kabla ya mahema na fulana, betri za mwaka mmoja kwa kila sikio na siku ya kurudi palepale baada ya miezi mitatu. Asiyeweza hayo apunguze idadi ya mashine, asipunguze betri.

Serikali na wafadhili wana zamu yao. Zamu yetu sisi wana haituhitaji kusubiri bajeti. Wikiendi hii ukienda kumsalimia mzee, baada ya shikamoo, mwombe akuonyeshe mashine yake, hata kama iko kwenye pindo la kanga. Fungua kimlango, soma namba ya betri, tazama mrija. Na safari ijayo, pamoja na sukari na majani ya chai, mchukulie pakiti ya betri. Ya mama yangu ni bluu. Ya mama yako ni rangi gani?